Dakika Ine za Kamanda Zefe

Watoto yangu munaoanza staji, kujifunza kazi, mu munara ya ndege ya Bunia, Shefu wenu alinipigia simu juma iliyopita. "Papa Paluku, utuandikie kurasa mbili tatu, tutawasomea stajieri wapya. Uwaambie juu ya heshima. Vijana ya leo hawana heshima." Nikamujibu ndiyo, nikakata simu, kisha nikabaki nimekaa, kichwa inanipiga kwa hasira. Heshima! Miaka zaidi ya makumi tatu nimeongoza ndege ku kiwanja hii, nusu yake nimekuwa nafundisha stajieri, na kama iko kitu moja ilitaka kuua watu mbele ya macho yangu, ni ile heshima. Basi nitaandika, lakini nitaandika yangu, na asiyependa aache kusoma.

Kwanza mujue kazi yenyewe, kwa juu wengi wenu munaingia mule munafikiri ni kazi ya kusema Kifaransa kizuri ku mikro. Siye hatuna rada. Hakuna ile kioo ya kuonyesha ndege munaonaka mu filme. Ndege ikiwa nyuma ya milima ya Djugu hauioni, hauisikii. Unajua paka kile tu rubani anakuambia: niko fasi fulani, urefu fulani, nitafika saa fulani. Weye unaandika ku kipande ya karatasi, ndege moja karatasi moja, unazipanga mbele yako, na mu kichwa unaona vile zinakwenda. Mbili zikiwa mu njia moja, unaziachia futi elfu moja katikati, moja juu, moja chini. Ile elfu hauigusi mpaka ukuwe na hakika kwamba moja imekwenda mbali. Njo hiyo kazi yote. Ingine ni kufukuza nyama, ng'ombe na mbuzi, ku pisti, fasi ndege zinashukia.

Na kufukuza nyama si muchezo. Kulikuwa mama mumoja aliona majani ya kando ya pisti ni mali ya Mungu. Tulimufukuza asubuhi, saa sita amerudi na ng'ombe wake watatu. Siku moja nilishuka munara mbio na kiatu moja mu muguu, rubani anazunguka juu anauliza kama tumelala, nafika pale natoa macho, mama ananiangalia polepole, ananiambia: "Papa, ile ndege iko na mafuta. Ng'ombe yangu iko na njaa."

Aliyenifundisha miye ni Muzee Ngabu, mutu mufupi wa sauti kubwa, ambaye sikumuonaka hata siku moja amekunywa chai ikiwa moto, juu alikuwa anaisahau kila mara ndege ikiita. Mwezi yangu ya kwanza nilikosa kosa ambayo nanyi mutaikosa. Rubani alikuwa muzee wa mvi, rafiki ya baba yangu tangu Butembo. Nikamuambia apande elfu tisa. Munajua rubani anapashwa kurudilia kile umemuambia, na akirudilia vibaya unamusahihisha palepale. Yeye akarudilia: "Elfu munane." Nilisikia vizuri kabisa. Lakini niliona haya. Namna gani nitamuambia muzee kama ule, marubani wote wanasikiliza, kwamba amekosea? Nikajiambia ataona mwenyewe.

Muzee Ngabu alininyakua kaske, ile ya kusikilizia radio, karibu itoke na sikio. "Hapana, tisa! Rudilia!" Ule akarudilia tisa, hakukasirika hata kidogo. Kisha Muzee Ngabu akanigeukia: "Heshima fanya huku chini, ku matanga, ku ndoa, ku kanisa. Kule juu hakuna muzee, hakuna mutoto. Kuko urefu tu." Maneno hayo niliwafundisha stajieri wengi sana. Niliyasema vizuri, na sauti yake na yote, watu wanacheka. Siku yenyewe ilipofika, miye njo niliyasahau.

Sasa niwaambie siri ya nyumba. Marubani wetu wanadanganya. Si wote, na wengine si kwa ubaya. Anayefika wa kwanza anashuka wa kwanza, wengine wanabaki kuzunguka wakichoma mafuta. Basi mutu iko mbali dakika kumi na tano, anakuambia iko mbali dakika kumi. Nani atamuona? Siye mu munara tulijua. Na kuliko kuwakataza, tulifanya kile siye watu wa huku tunajua kufanya kuliko wote: tulizoea. Tulikuwa na karatasi imebandikwa na skochi chini ya meza, majina ya marubani, na kando ya kila jina, uongo wake. Huyu muongezee dakika tatu. Huyu sita. Huyu anadanganya paka mvua ikitaka kunyesha. Kila mupya tulikuwa tunamuonyesha ile karatasi siku ya kwanza. Niliiandika miye, kwa mukono yangu muzuri, na niliona tuko wajanja kweli.

Kamanda Zefe, uongo wake ilikuwa dakika ine. Akisema amefika fasi, hesabu kwamba bado dakika ine afike. Zefe alikuwa ameruka milima yetu tangu miye niko stajieri. Alisalimia kila mutu kwa jina yake, mupaka sentineli wa kulinda lango, na akitoka upande ya ziwa hakukosa kutuletea samaki. Kumuambia Zefe ni muongo? Nani angeanza?

Aliyeanza ni stajieri yangu, mutoto mwanamuke, Mave. Ni wa Fataki, jamaa ya wafugaji. Walikimbia vita na kufikia Bunia, mu mutaa ya Nyakasanza, na ng'ombe za baba yake zilikwisha mu njia ile ya kukimbia. Mave alikuwa mukubwa wa watoto sita. Nyumba nzima ilingoja leseni yake, juu bila leseni stajieri hapati mushahara, anapata paka ndizi tunamugawia. Chini alikuwa na sauti ya kunongona, ku mikro sauti ilisimama wima. Hesabu alifanya mu kichwa kabla miye nishike kalamu.

Nilimuonyesha karatasi. Akaisoma mupaka chini.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni dawa ya uongo."

"Kama tunajua wanadanganya, juu ya nini hatuwaambii?"

"Weye mutoto, unataka kuwaita wazee waongo ku radio?"

"Hapana, Papa. Nataka kujua wako wapi."

Tulicheka siku ile mupaka machozi. Tukamupa jina Madamu Uko-Wapi. Yeye akatabasamu, akaendelea kuuliza. Miaka mbili alikaa mbele yangu, na mwisho ilibaki kitu moja: fishi yangu. Mwalimu anajaza fishi, anaandika "ameiva" ao "hajaiva", anatia saini, leseni inatoka ao haitoke. Leseni ya Mave ilikuwa mu kalamu yangu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Mave ku mikro, miye nyuma yake na kaske ya pili. Ndege mbili zilikuwa zinatoka kaskazini. Moja ndogo, ya watu wa misaada, imebeba manesi, ku elfu tisa. Ilikuwa imesema sasa hivi iko juu ya Fataki. Ya pili ya Kamanda Zefe, ku elfu munane, na ndani yake mukubwa mumoja kutoka Kinshasa. Chini ya munara watu walikuwa wamekuja kumupokea: ngoma, wamama wa vitenge vya kufanana, mashada ya maua.

Zefe akaita: "Fataki nimeipita zamani. Niko juu ya Iga, dakika tano nashuka."

Iga ni karibu na siye kuliko Fataki. Kama ni kweli, Zefe iko mbele sana, na unaweza kuishusha ile ya manesi nyuma yake ku elfu munane, ili ianze kujipanga. Nikafanya hesabu yangu ya ujanja: tano, ongeza uongo ine, ni tisa. Manesi wako na kumi na ine. Zefe bado iko mbele. Nikamugusa Mave ku bega: "Iko sawa. Shusha ule wa elfu tisa."

Hakushusha. Akafungua mikro: "Kamanda, unaona nini chini yako?"

Zefe akacheka. "Naona mabati ya Iga, Mama. Unataka nikuhesabie?"

Mave akainua macho ku dirisha. Upande ule wote mvua ilikuwa imefunga tangu asubuhi. Hata kilima ya kwanza hatukuiona. Hakuna mutu ku elfu munane angeona bati. Akasema, radio nzima inasikiliza: "Kamanda, Iga imefungwa na mvua. Hauone mabati. Niambie kwa kweli, uko wapi?"

Kumuambia Zefe vile! Na mukubwa iko ndani! Nikamuambia kwa ukali: "Mave, shusha ule, nimesema!"

"Hapana, Papa." Hata hakugeuka. Akashika mikro: "Wote wawili mubaki vile muko. Elfu tisa, baki elfu tisa. Elfu munane, baki elfu munane. Hakuna kushuka mupaka niwaone na macho."

Nilikasirika mupaka mukono yangu ilikwenda ku kaske yake. Sijui nini ilinizuia. Labda ni aibu tu, juu kulikuwa wengine wanaangalia.

Kisha zikatoka mu wingu. Nilichukua jumeli ya kuonea mbali, nikaiweka chini, haikuwa na kazi. Ndege mbili, moja juu ya ingine, zinakuja pamoja. Niliinua kidole gumba, nikazifunika zote mbili. Zefe hakuwa juu ya Iga, hakuwa dakika ine nyuma ya Iga. Alikuwa Fataki sawa na manesi, chini yao kabisa, tangu mwanzo. Kama Mave angenisikiliza miye, mwalimu wake, mutu wa mvi, wale manesi wangeshuka ndani ya wingu juu ya mugongo ya Zefe. Nikakaa. Yeye alikuwa bado anasema, polepole: "Kamanda Zefe, zunguka kuume mara moja. Elfu tisa, nimekuona, karibu Bunia."

Basi manesi wakashuka wa kwanza. Na wale wa ngoma hakuna mutu aliwaambia kitu! Waliona ndege, wakaanza. Nesi mumoja kijana akatoka na kisanduku yake ya chanjo, wamama wakamuvalisha maua, wakamuimbia, wakamubeba karibu. Alifikiri Bunia wanapokeaka watu vile. Akasimama, akatoa hotuba ya kushukuru. Mukubwa aliposhuka nyuma, hakuna shada hata moja iliyobaki, waimbaji wanapanguza jasho, mupiga ngoma amekwenda kutafuta maji.

Mungecheka. Nami ningecheka, kama si kile kilifuata.

Muchana ule Shefu wa wakati ule akapiga simu: Mutoto wako amemuita Kamanda muongo mbele ya wote. Amemuzungusha mukubwa mu hewa kama mbuzi ya kufungwa ku kamba. Hakuna heshima! Kesho saa tatu, weye na yeye, mu biro yangu. Hakuuliza hata neno moja juu ya manesi. Watu kumi na kitu walikuwa karibu kufa, na mutu analilia maua!

Lakini musifikiri hasira yangu ni kwa Shefu tu. Nilipoweka simu chini, kitu ya kwanza niliwaza ni ile karatasi. Mwandiko yangu. Pensheni ilikuwa imebaki miaka mbili. Mave alikuwa amekwisha kupanda moto, ile pikipiki ya kulipia, kurudi kwao. Niliinama chini ya meza, nikaikwangua na ukucha, nikaipasua, nikaweka vipande mu mufuko, na nyumbani nikavitupa mu choo. Njo vile mwalimu wenu alifanya. Andikeni.

Kesho yake Mave alisema yote, kwa saa zake na dakika zake, bila kupandisha sauti. Akasema na kwamba miye nilimuambia ashushe. Kisha akasema: "Hata Papa Paluku anajua vile wanadanganya. Iko karatasi chini ya meza yetu, imeandikwa uongo wa kila rubani." Shefu akatuma mutu. Mutu akarudi: "Hakuna kitu, Shefu. Paka alama ya skochi."

"Papa Paluku, iko karatasi?"

Nikasema: "Sijaiona."

Mave akaniangalia. Aliniangalia kama vile anangoja niendelee, kama vile mutu anangoja rubani amalize kurudilia. Aa, watoto, hakuna kitu kimeniuma mu maisha yangu kama yale macho, na hata vile yaliniuma sikufungua kinywa.

Fishi niliijaza palepale, Shefu amesimama ku mugongo yangu. Nikaandika: Hajaiva. Anakosa heshima kwa wakubwa. Anasema mambo isiyo ya kweli. Stajieri naye anapashwa kutia saini. Mave akasoma mara mbili, akachukua kalamu.

"Papa, nasaini kwamba nimesoma. Sisaini kwamba ni kweli."

Akakunja mukono ya jaketi yake, akatia saini, akasalimia wote, akatoka. Leseni haikutoka. Hakurudi tena mu munara.

Juma moja haikupita, Zefe akapanda ngazi na samaki zake. Anacheka mupaka anakohoa. "Ule mutoto wenu mukali! Kweli nilikuwa bado Fataki. Ningejua Iga kuko mvua, ningetaja fasi ingine!" Akanipiga ku bega. Nami nikacheka naye. Munasikia? Nilicheka! Nikachukua na samaki.

Na si yote. Siku ya Mungu, nimetoka kanisani, namukuta baba ya Mave anangoja ku lango yangu. Kofia mu mukono moja, kuku mu mukono ingine. Mutu ambaye ng'ombe zake zote zilikwisha, amenunua kuku. Akaniambia: "Papa Paluku, nimekuja kuomba pardo juu ya mutoto yangu. Nyumbani siye tunafundisha heshima. Sijui aliipata wapi ile kiburi." Hakuna fasi nilitaka dunia inimeze kama pale. Nikamuambia nini? Nikamuambia: "Imekwisha, muzee, vijana njo vile." Nikapokea kuku.

Basi wakiwaambia kwamba mutoto wa heshima ni ule ananyamaza mbele ya mukubwa, mujue wanawatengenezea kaburi, na si yenu tu, ya nesi na kisanduku yake pia. Ku mikro, akikuambia amefika fasi, muulize anaona nini. Akirudilia vibaya, musahihishe mara moja, hata akiwa ni baba mukwe. Mwalimu akikuambia shusha na weye haujaona, usishushe. Atakasirika. Aache akasirike! Miye nilikasirika, na wale manesi wako hai, mumoja wao nilisikia amezaa mapacha. Na musiongeze dakika juu ya uongo ya mutu. Siku moja ataongeza naye.

Mave sasa anafundisha hesabu ku shule moja ya Nyakasanza. Tukikutana ku soko ananisalimia "Papa" na goti kidogo, vile wanasalimiaka wazee, na kila mara naona afazali angenitukana. Jana nilichukua karatasi hizi, nikamupelekea kabla ya kumupa Shefu. Tulikaa ku benchi ya shule, watoto wanatoka, vumbi mingi. Nilimuambia: nimeandika yote, yule Shefu wa sasa atasoma mbele ya stajieri, na kopi moja itakwenda ku wale wanaotoaka leseni. Alisoma polepole, ukurasa moja baada ya ingine. Fasi moja akasimama, akatoa bic, kalamu yake nyekundu, mu nywele.

"Papa, hapa umeandika, 'Waliponiuliza juu ya karatasi, nilinyamaza.'"

"Ndiyo."

"Haukunyamaza. Ulisema, 'Sijaiona.'"

Akapiga mustari juu ya neno yangu, akaandika ile ya kweli juu yake, akanipa ile bic. Njo ile mumesoma pale juu. Nikatia saini mbele yake.